Kitambaa cha Siku ya Tano

Mkunga alikivunja kichupa shingo kwa kidole gumba, kikalia tak, nami nilikuwa nimesimama karibu mno hata nikaisikia harufu ya kile kilichokuwamo ndani: harufu hafifu, kama ya mafuta yaliyokaa juani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa Moroni, na mjukuu wangu wa kwanza alikuwa na umri wa nusu saa. Kichupa chenyewe kilikuwa cha kioo cha kahawia, hakizidi kifundo cha kidole changu cha mwisho.

"Vitamini K tu, Bweni," mkunga aliniambia, kwa lile neno letu la kumwita mwanamke kwa heshima, huku akiupapasa ule upaja mdogo atafute pa kuchoma. "Asije akavuja damu."

Mtoto alilia mara moja, akanyamaza. Nikamwomba mkunga anipe kile kioo kitupu.

"Mabibi wengine huniomba kitovu wakakizike," alisema akicheka, "wewe unaniomba takataka?"

Alinifungia kwenye pamba. Kiko hapa mezani ninapoandika, upande wa kulia wa karatasi, na upande wa kushoto pako wazi. Hapo palipaswa kuwa na kitambaa, lakini kitambaa hakipo tena mikononi mwangu, na nitaeleza kwa nini.

Mama yangu angali hai. Kila siku baada ya sala ya Alasiri hubaki juu ya mkeka wake, hunyanyua mikono na kuwaombea wafu wetu mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao kamili, kama mtu anayeita mahudhurio. Akiisha kuwataja wote, hufunga kwa maneno ambayo hayajabadilika tangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa: "Na mkono ulioshika wembe, Mola wangu, nakuachia Wewe." Mimi niliyekaa nyuma yake huitikia amina. Sijui ni amina ngapi. Mimi hupenda kuhesabu kila kitu, lakini hizo sijapata kuthubutu kuzihesabu.

Walio rika langu hawahitaji kutajiwa mwaka. Ulikuwa ule mwaka uliofuata kuja kwa askari wa kukodiwa, wale wazungu wa mavazi meusi waliotua ufukweni usiku mmoja, na kulipopambazuka tukaambiwa kwamba tuna serikali nyingine. Watu wazima waliwazungumza kwa sauti ya chini. Sisi watoto tulijua jambo moja tu juu yao: kwamba hao ni watu wanaolipwa kumwaga damu. Nilimsikia Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, akimweleza hivyo jirani, na nikalishika neno hilo jinsi watoto wanavyoshika maneno, bila kulipunguza wala kuliuliza.

Tulikaa Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, katika nyumba ya Koko, kwa maana kwetu nyumba ni za wanawake na waume huingia kama wageni wa heshima. Ilikuwa nyumba ndefu nyembamba, yenye ngazi za mawe zilizoliwa na nyayo, na dirisha moja la juu lililotazama kichochoro kinachoshuka kuelekea msikiti wa kale. Sikuwa nikisoma shule. Nilikwenda chuoni kusoma Kurani asubuhi, na baada ya hapo nilikuwa mikono na miguu ya Koko. Nilikuwa mkubwa wa mabinti watatu.

Kisha, siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, Mama alijifungua mtoto wa kiume.

Koko alimpaka mtoto wanja kwenye paji la uso, tone moja jeusi la kupotosha macho mabaya, akaagiza mlango wa chumba usifunguliwe ovyo. "Mvulana baada ya wasichana watatu," alisema, "ana maadui wengi kuliko rais." Wanawake walicheka, wakajiziba midomo, kwa sababu mwaka ule hata mzaha ulitazama kwanza kushoto na kulia. Kisha akanigeukia mimi na kunipa amri mbili. Ya kwanza: mtoto asisogezwe dirishani hata kidogo mpaka siku ya saba, atakaponyolewa na kuitwa jina. Ya pili ilikuwa heshima, na ilinivimbisha kichwa: mimi ndiye nitakayembadilisha vitambaa. Alinipa vitambaa kumi na viwili vya pamba nyeupe, ambavyo Mama alikuwa amevipinda pindo kwa uzi wa buluu, na akanionyesha namna ya kukizungusha kimoja kiunoni kukilinda kitovu.

Siku nne nilifanya kazi yangu bila dosari. Harufu ya chumba kile ninaijua mpaka leo: msindzano, yaani liwa, uliosagwa kwa maji na kupakwa usoni mwa Mama, udi, maziwa, na uji wa mchele unaopoa. Koko alimkataza Mama kula mboga ya mataba, ambayo wasomaji wangu wanaiita kisamvu, mpaka arobaini ipite. Alisema majani hupoza tumbo. Mama aliyapenda mno, akalalamika, na Koko akamwambia, "Umezaa mtoto, hukuzaa shamba."

Jumatatu ilikuwa siku ya tano. Koko alikwenda soko la Volo Volo kutafuta vitu vya karamu, Mama alikuwa amelala, nami nilikuwa nimempakata mtoto niliposikia viatu vizito kichochoroni. Nilijua ni viatu vya nani. Watu wetu walitembea kwa ndara, hawakuwa na vishindo namna ile. Nilitaka kuwaona. Ningeweza kumlaza mtoto kwanza. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi kuliko mambo yote ya maisha yangu. Lakini nilikwenda dirishani naye kifuani, nikasukuma bawa moja la mbao.

Walikuwa wanne. Wa mwisho wao, mwenye ndevu nyekundu, alinyanyua macho. Alimwona mtoto. Akatabasamu, akagusa ukingo wa kofia yake kwa vidole viwili, kama mtu anayemsalimu mtu anayemfahamu, kisha akaendelea kushuka.

Nilifunga dirisha, nikamlaza mtoto na kukifungua kitambaa chake kwa kuwa ulikuwa wakati wa kukibadilisha. Palikuwa na damu kitovuni. Mwanzo ilikuwa doa kama kichwa cha karafuu. Nilipokuwa ningali nikilitazama, likawa kama ukucha.

Sikuwa na shaka yoyote. Mtu anayelipwa kumwaga damu amemtazama mtoto ambaye hapaswi kutazamwa, na damu imeitika. Na aliyempeleka mtoto mbele ya jicho hilo ni mimi.

Nilimfunga kitambaa kingine, nikakaza. Kile chenye damu nilikifua kwa maji baridi kwenye birika la uani, nikakisugua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka, lakini ilibaki duara ya manjano isiyokubali kutoka. Nikakificha chini ya godoro langu. Jumanne vilikuwa vitambaa viwili. Alasiri ya Jumanne palitoka uzi mwembamba wa damu puani mwake, nikaupangusa kwa ncha ya leso yangu. Mtoto hakuwa na homa. Alinyonya na kulala, ila alipolia sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya juzi.

Kabla ya magharibi Koko alihesabu.

"Nilikupa kumi na viwili. Naviona tisa."

"Upepo, Koko."

"Upepo gani huo unaochagua vitambaa vya mtoto na kuziacha shuka zangu?"

Aliniangalia. Wakati ule laiti angeuliza mara moja zaidi ningesema; nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Lakini mtu aliita mlangoni kuhusu mbuzi wa akika, Koko akashuka ngazi akilalama juu ya bei na pembe, na kinywa changu kikajifunga.

Mnyoaji alikuwa Bweni Zaituni wa mtaa wa Magoudjou. Alikuwa miongoni mwa wale Wakomori waliofukuzwa Majunga, kule Madagaska, baada ya mauaji, wakaletwa nyumbani kwa ndege miaka miwili kabla. Nyumbani watu waliwabandika jina la ile ndege iliyowaleta, na jina hilo lilikuwa tusi. Alikuwa hajafikia miaka thelathini, mwembamba, na alihifadhi vifaa vyake katika mkebe wa biskuti: wembe, jiwe la kunolea, kitambaa, chupa ya maji ya karafuu. Majirani walimwonya Koko asimwite. Koko alijibu, "Mkono wake mwepesi. Mjukuu wangu hanyolewi na ukoo, ananyolewa na mkono."

Basi Jumatano, siku ya saba, chumba kilijaa wanawake. Bweni Zaituni alichemsha wembe wake mbele ya watu wote, akaupitisha motoni, akaupangusa kwa maji ya karafuu. Sijapata kumwona mtu anayeheshimu chombo chake namna ile. Jirani mmoja alimtania: "Bweni, usimnyoe kama wale askari, akakua akadai mshahara!"

"Huyu atadai maziwa tu," alijibu, na kila mtu akacheka, na Mama pia, na hicho ndicho kicheko cha mwisho cha Mama ninachokikumbuka kwa miaka mingi.

Nywele zilianguka kwenye jani la mgomba. Kichwa kilikuwa karibu kumalizika wembe ulipomkwaruza nyuma ya sikio la kulia. Ulikuwa mkwaruzo mdogo. Hakuna mtoto wa mji wetu asiyewahi kuupata. Bweni Zaituni aliubonyeza kwa kidole akaendelea kuzungumza. Alipokiondoa kidole, damu ilikuwa pale. Akabonyeza tena. Wakaleta unga wa kahawa, ukalowa. Wakaleta mwingine. Mazungumzo yakapungua sauti baada ya sauti, mpaka chumba kizima kikawa kinamsikiliza mtoto akihema.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyefikiri kulifanya. Alikifungua kitambaa cha kiunoni. Niliona macho yake yakitua kwenye kitovu, kisha kwenye pindo la uzi wa buluu, kisha yakainuka.

"Nani humbadilisha mtoto?"

"Mjukuu wangu huyu," alisema Koko.

Bweni Zaituni alinigeukia. Kidole chake kilikuwa kingali nyuma ya sikio la mtoto, chekundu mpaka kwenye kiganja. Alisema taratibu, kama mtu anayemwita kuku asimtishe. "Mwanangu, kitovu hiki kimeanza kutoka damu siku ya ngapi? Hakuna atakayekupiga. Daktari lazima aambiwe."

Nilimwona mzungu mwenye ndevu nyekundu akigusa kofia yake. Nikamwona Mama kitandani akinitazama.

"Hakijatoka," nikasema.

Baba alimchukua mtoto kwa teksi. Alitueleza baadaye kwamba kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja mweupe aliwasimamisha, akafunua shuka kwa mtutu wa bunduki, na alipoona damu alirudi nyuma kama aliyechomwa na moto, akaondoa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. Nilipolisikia hilo sikupata shaka tena kwamba ni yule mwenye ndevu nyekundu, na kwamba ameitambua kazi yake. Baba alipoulizwa na daktari damu imeanza lini, alijibu kile alichokijua: leo, kwa wembe. Mtoto alirudishwa nyumbani wakati wa Alasiri, amefunikwa uso. Jina ambalo lingetangazwa mbele ya sinia za wali lilitajwa mara ya kwanza wakati anaoshwa, na alizikwa jua lingalipo.

Maneno waliyomwambia Bweni Zaituni siku ile sitayaandika yote. Walisema wembe wake umekula sumu Majunga. Walisema mauti yalimkosa kule akayabeba kuja nayo. Koko, aliyemchagua yeye mwenyewe na kumtetea, ndiye aliyeutupa ule mkebe kutoka juu ya ngazi, na nadhani aliutupa kwa nguvu zaidi kwa sababu hiyo. Bweni Zaituni alishuka akaviokota vitu vyake kimoja kimoja, akafunga mkebe, na kabla ya kutoka aliinua uso kuniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia jinsi mtu anavyouangalia mlango ambao hakumbuki kama ameufunga.

Hakuna kichwa cha mtoto kilichopelekwa kwake tena. Watoto wa Magoudjou walimrushia vijiwe wakimwimbia lile jina la ndege. Kabla arobaini yetu haijaisha tulisikia amepanda mashua kwenda Mutsamudu, katika kisiwa cha jirani, na Mama, aliyekuwa amelala siku zote hizo akitazama ukuta, aliketi, akaomba maji ya udhu, akasali Alasiri. Baada ya sala akanyanyua mikono. Hapo ndipo dua ile ilipozaliwa.

Kitambaa cha siku ya tano sikukitupa. Vile viwili vya Jumanne nilivizika uani, lakini hicho kilihama nami: kutoka chini ya godoro kikaingia ndani ya jalada la msahafu wangu, na kutoka hapo kikaingia kwenye sanduku langu la harusi.

Niliolewa na mfanyabiashara wa vitambaa wa Volo Volo, mzaliwa wa Pemba, na yeye ndiye aliyenipa lugha hii ninayoiandika. Yeye ndiye pia aliyenipeleka shule nikiwa na miaka ishirini na sita na watoto wawili, nikakaa dawati moja na wasichana ambao ningeweza kuwa mama yao mdogo. Walinicheka kwa muhula mmoja. Muhula wa pili walinakili hesabu zangu. Ninayasema haya kwa majivuno, na majivuno hayo yana sehemu yake katika kosa ninaloliungama.

Alipozeeka, mume wangu alipata bonge la damu mguuni, akaandikiwa vidonge vya kuizuia damu isigande. Mimi huisoma kila karatasi inayoingia nyumbani mwangu, hata ile inayofungiwa karanga, kwa hiyo niliisoma karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa. Iliniambia nijihadhari na vitamini K. Nikamwuliza daktari ni kitu gani hicho.

"Kiko kwenye majani mabichi," alisema. "Mchicha, mataba. Ini hukitumia kutengeneza vitu vinavyoigandisha damu. Dawa ya mzee inakipinga. Basi usimnyime mataba, Bweni, wala usimzidishie. Kila wiki kiasi kilekile."

"Na asiyekuwa nacho?"

"Huvuja damu. Mtu mzima ni nadra, labda awe na ugonjwa wa ini au wa matumbo. Wanaopungukiwa sana ni watoto wachanga."

Nilikuwa na kalamu mkononi, nikiandika. Aliendelea kwa wepesi, kama mtu anayeeleza jambo la vitabuni. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, kwa kuwa haipiti vizuri kutoka kwa mama. Maziwa yana kidogo, hata mama akila shamba zima. Na matumbo yake bado hayana vile vijidudu vyema vinavyotusaidia kuitengeneza. Wengi huvuka salama. Mmoja mmoja huanza kuvuja: kitovuni, puani, popote penye mkwaruzo.

"Siku ya ngapi?" nikauliza.

"Mara nyingi kati ya siku ya pili na ya saba."

"Na akiletwa siku ya tano?"

"Sindano moja ya vitamini hiyo, Bweni. Mara nyingi damu husimama baada ya saa chache." Akaniangalia. "Kwa nini unauliza?"

"Najifunza tu."

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Kwa hiyo halikuwa jicho la mzungu, wala dirisha, wala wembe wa Majunga. Hakuna mkono wa mtu uliomfungua ndugu yangu. Alizaliwa amepungukiwa na kitu kidogo kuliko punje ya chumvi. Nilingojea moyo upate nafuu, nao ukapata, kwa muda wa kama mwendo wa kichochoro kimoja. Kisha nikayafikia maneno ya daktari ya mwisho. Siku ya tano nilikuwa najua mimi peke yangu. Na siku ya saba niliulizwa, mbele ya watu, na mtu wa pekee katika chumba kile aliyeuliza swali sahihi.

Mume wangu nilimwambia. Alikishika kile kitambaa muda mrefu. "Nenda Mutsamudu," alisema.

"Ukipona."

"Mimi sina haja ya kupona ili wewe upande ndege."

Sikwenda. Nilijiambia kwamba mwanamke yule huenda amekwisha kufa, na kwamba Mama ni mtu mzima, asisumbuliwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwanamke anayeheshimiwa mtaani kwa usahihi wake, mtu wa kuulizwa nani kazaliwa lini na nani kazikwa lini, na sikuweza kuvumilia kuonekana kwamba tarehe moja niliificha kwa makusudi. Mume wangu alifariki akiwa hajalitaja tena jambo hilo. Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, sikukosea hata siku moja.

Kile kichupa ndicho kilichonisukuma. Jumanne, mjukuu wangu akiwa na siku nne, nilipanda ndege ndogo ya asubuhi. Mutsamudu ni mji wa ngazi na vivuli, na siku ile ulinuka karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Nilimwuliza msichana mmoja, akacheka Kingazija changu: "Bweni, unazungumza kama redio!" Lakini alinipeleka.

Bweni Zaituni alikuwa ameketi kizingitini, akichambua karafuu kwa kuzipapasa, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Binti yake alikuwa ndani akipika.

"Kwezi, Bweni," nilimwamkia. Nikamtajia jina la Koko na kichochoro chetu.

Vidole vyake vilisimama. "Wewe ni yule wa vitambaa."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu uwanja wa ndege, nikayasema kwa mpango huo: damu ilianza Jumatatu, siku ya tano, kabla ya adhuhuri; niliificha; haikuwa wembe; ni upungufu wa vitamini K, na siku hizi kila mtoto huchomwa. Nikamweka kile kichupa kiganjani. Alikizungusha.

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo."

Akakifumbata, akasema, "Baada ya siku ile sijapata kunyoa. Binti yangu huyu alipozaa, nilimwita mtu baki aje anyoe, mimi nikatoka nje. Unajua kwa nini? Nilijua kitovu kile kilikuwa kimetoka damu. Nilikuona umepauka. Nilijua tangu siku ile. Lakini mtu akiambiwa na mji mzima, mkono wake huanza kusadiki."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anajua?"

"Hajui."

Akanirudishia kichupa. "Basi hukunieleza kitu, mwanangu. Umesafiri kumwambia anayejua. Kamwambie asiyejua."

Binti yake aliniletea chai. Niliinywa yote, kwa sababu sikuwa na haki ya kuikataa.

Nilimwambia Mama siku ya Alhamisi, kabla tu ya Alasiri. Niliweka kitambaa juu ya magoti yake kwanza. Alilitambua pindo lake. Kidole chake kiliufuata uzi wa buluu mpaka kikaifikia ile duara ya manjano, na hapo kikakaa. Nikamweleza yote: askari, dirisha, birika, upepo, swali la Bweni Zaituni na neno langu moja. Nikamweleza vitamini.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Mtoto wa miaka tisa simlaumu." Alikikunja kitambaa mara mbili, mara nne, mara nane. "Na ulipokuwa na thelathini? Na ulipoambiwa na daktari? Nyuma ya mgongo wangu hapo, kila siku, ukisema amina, ulikuwa bado na miaka tisa?"

Kitambaa alikitia ndani ya nguo yake, kifuani, na hajanirudishia.

Siku iliyofuata, Ijumaa, mjukuu wangu alinyolewa. Mwanangu alimleta kinyozi kijana mwenye wembe mpya uliofungwa kwenye karatasi, na hata hivyo alimkwaruza mtoto kidogo utosini. Tone likatoka. Vijana walikuwa wakipiga picha, hakuna aliyejali. Mama aliinama kutoka kwenye kiti chake mpaka uso wake ukawa shibiri moja tu na kile kichwa, akalitazama lile tone. Lilivimba, likatulia, likawa jeusi. Halikuongezeka. Aliendelea kulitazama muda mrefu baada ya kukauka.

Alasiri ya siku ile nilikaa nyuma yake kama kawaida. Aliwataja wafu wote kwa majina kamili, na wa mwisho akamtaja mwanawe. Akafika mahali pale. Mikono yake ilikuwa ingali juu, nami nikangoja jina langu. Kikapita kimya cha pumzi tatu, nilizihesabu, kisha akaipangusa mikono usoni.

Tangu hapo hufanya hivyo kila siku. Bweni Zaituni hayumo tena katika dua ile, na mahali pake hapajawekwa mtu. Mimi hukaa nyuma ya Mama, nikazingoja zile pumzi tatu ziishe, na kwa kile asichokisema huitikia amina.